Fomu ya tathmini ya familia: namna ninavyoijaza

Fomu ni ileile, uende Masaki kwa matajiri au Tandale kwa maskini. Ndiyo raha yake, ndiyo na hatari yake. Hivi ndivyo mimi, afisa ustawi wa jamii, ninavyoitumia, taarifa ikifika kwamba kuna mtoto hatunzwi.

1. Isome yote ofisini kabla hujapanda daladala. Ukiifungua mara ya kwanza mbele ya mama, utamhoji kama karani wa sensa.

2. Jitambulishe serikali ya mtaa, ila usiingie kwa watu na msafara wa wajumbe.

3. Piga hodi, salimia, kaa utakapoonyeshwa. Maswali yote yaulizwe, lakini si lazima kwa mpangilio wa karatasi. Ukiuliza "Mtoto anakula mara ngapi?" kila mtu atakujibu tatu. Mimi huuliza, "Jana mlipika nini, mama?" Kisha, "Na asubuhi?"

4. Ongea na mtoto mahali mlezi anawaona lakini hawasikii. Usimwahidi siri.

5. Hapa ndipo tunapoharibu. Gawa daftari pande mbili: nilichokiona, na ninachodhani. "Godoro moja, watoto wanne" ni upande wa kwanza. "Mama hajali" ni wa pili.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliipa kaya moja ya Tandale alama ya hatari kubwa: chumba kimoja, maji yanaingia mvua ikinyesha, choo cha kuchangia. Msimamizi wangu akaniuliza, "Na kwa jirani je?" Kwa jirani vilevile. Nilikuwa nimepima umaskini wa uchochoro mzima, nikambebesha mama mmoja. Siku hizi kila kipengele nakiuliza: hiki kinatokana na mlezi au na kipato? Kama ni kipato, familia itafutiwe msaada. Si sababu ya kumwondoa mtoto.

6. Alama ziweke siku hiyohiyo, kila moja na sentensi yake ya maelezo. Usichokipata andika "sikupata taarifa". Ukiona dalili za kipigo au ukatili wa kingono, usingoje kujumlisha: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na hospitali, leo hii. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ameshaota ndevu.

7. Rudi umsomee mlezi ule upande wa kwanza. Mama mmoja wa Mbagala alinikatiza: mwanawe nilikuwa nimemwandika miaka sita, kumbe ana minne. Nusu ya alama zangu za ukuaji zikabadilika palepale kwenye mkeka.