Ndama Anachechemea? Acha Kukanda, Shika Kitovu

Kila msimu wa kuzaa maneno ni yale yale: "Ndama kateguka, mama yake kamkanyaga." Basi anakandwa kwa maji ya moto yenye chumvi juma zima. Daktari wa mifugo anapoitwa, goti limejaa usaha na gegedu limeshaliwa. Hapo hata dawa ikiua bakteria, goti halirudi.

Ndama wa chini ya mwezi mmoja akivimba kiungo, mhesabu kuwa ana maambukizi mpaka uchunguzi ukatae. Mara nyingi bakteria huingia kwenye kitovu kibichi, husafiri na damu na kutua kwenye viungo: magoti ya mbele, viungo vya kati vya miguu ya nyuma, vifundo vya juu ya kwato.

Kabla ya kumgusa, mwache ainuke na atembee. Mguu wa mbele ukiuma, atainua kichwa kila unapokanyaga chini. Kisha weka mgongo wa kiganja kwenye kiungo, uhamie kiungo kama hicho cha mguu wa pili, ulinganishe joto. Bonyeza upande mmoja kwa kidole. Kama kuna majimaji, yatasukuma kidole ulichoweka upande wa pili. Pita miguu yote minne, hata ile isiyochechemea. Aliyekanyagwa huumia mguu mmoja, na uliovunjika huning'inia au kupinda mahali pasipo kiungo. Maambukizi hupenda kushika viungo viwili, vitatu, ingawa yanaweza kuanza na kimoja.

Sasa mlaze ubavu. Kitovu cha ndama wa wiki moja kiwe kikavu na chembamba. Kikiwa kinene kama kidole gumba, kina joto, kinanuka au kinatoa usaha, habari ya kukanyagwa iishie hapo. Pima joto kwenye njia ya haja kubwa kwa dakika 2 kamili, ncha ya kipimajoto iguse ukuta wa utumbo, isizame kwenye kinyesi. Zaidi ya nyuzi 39.5 ni homa. Sekunde kumi halafu "hana homa" si kupima, ni kujidanganya. Na asipokuwa na homa, kiungo cha moto bado ni kiungo cha moto.

Mwite daktari siku hiyo hiyo. Usipasue uvimbe kwa wembe, wala usikatishe sindano siku ya pili eti ameanza kutembea. Akipona, uvimbe unashuka na ananyonya kwa nguvu.

Kwa anayezaliwa kesho: tinkcha ya iodini asilimia 7, ndani ya saa ya kwanza. Chovya, usinyunyizie, kitovu chote kizame mpaka kwenye ngozi, urudie baada ya saa 12. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, iwe asilimia 10 ya uzito wake ndani ya saa 6: ndama wa kilo 30 apate lita 3, zilizopimwa kwa chombo. "Nilimwona ananyonya" si kipimo.