Ukinunua kisu cha kukunja, uliza kwanza hiyo namba ni ya nini

Jamani mlioko Uingereza, na wale mnaoagiza kisu kutoka huko, leo naongelea urefu wa kisu cha kukunja, vile vya kizamani vya mpini wa mbao au pembe, unafungua kwa ukucha unamenyea chungwa, unakata kamba, basi. Mi navipenda sana hivi visu na inaniuma nikiona mtu ametoa hela yake afu kisu kimefika sicho.

Cha kwanza nilichonunua mtandaoni kiliandikwa inchi 3. Nikasema haya, ndo hicho, sababu sheria ya Uingereza inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, nami nilitaka kirefu kadri inavyoruhusiwa. Kimefika, nakifungua, makali hayafiki hata sentimita 6! Ukikata mkate inabidi uzungushe kisu pande zote ndo ukutane katikati. Na muuzaji hakunidanganya, zile inchi 3 zilikuwa urefu wa kisu kikiwa kimefungwa, mwisho wa mpini mpaka mwisho wa mpini, na visu vingi vya kizamani vya Marekani na vya Sheffield, ule mji wa visu wa Uingereza, vinatangazwa hivo hivo. Mimi ndo sikuuliza.

Kwa hiyo ukiona namba moja tu kwenye tangazo usiichukulie kuwa ni makali. Visu vya Laguiole vya Ufaransa vinavyoitwa vya sentimita 12, hiyo 12 ni mpini, bapa lake, yaani kile chuma chenye makali, ni kama 10. Victorinox, kile kisu cha Uswisi, ya milimita 91, hiyo 91 nayo ni mpini. Kumbuka bapa linalala ndani ya mpini kwa hiyo lazima liwe fupi kuliko mpini, na kwa visu vingi vya bapa moja utakuta ni kama robo tatu ya mpini, sio hesabu kamili lakini inakusaidia kushtuka mapema. Opinel, visu vingine vya Ufaransa, ndo zinachanganya watu zaidi maana zina namba kama viatu: Namba 8 bapa lake ni sentimita 8.5, Namba 10 ni sentimita 10, Namba 12 ni 12, lakini Namba 6 ni sentimita 7 na Namba 5 ni 6, kwa hiyo ukidhani namba ndo sentimita utakosea hasa kwenye hizi ndogo.

Sasa kupima. Fungua kisu mpaka mwisho, kilaze juu ya meza, chukua rula ya chuma yenye milimita, ile ya plastiki ya shule mara nyingi sifuri yake haianzii ukingoni, kuna kipande kitupu pale mwanzo na hapo unapoteza milimita 4 au 5 bila kujua. Pima kwa mstari ulionyooka kutoka nchani, usifuate mkunjo wa makali kwa uzi au tepu ya fundi cherehani, maana bapa lenye tumbo litakupa namba kubwa kuliko ilivyo. Angalia pale bapa linapokutana na mpini, utaona kipande kifupi cha chuma kinene ambacho hakijanolewa, mara nyingi ndo kina jina la kiwanda. Sheria inazungumzia makali, kwa hiyo kipande hicho sio makali. Ila mi napima vyote viwili, kutoka nchani mpaka makali yanapoanzia, halafu kutoka nchani mpaka mpinini, na nikinunua cha kutembea nacho nataka hata ile ya pili iwe chini ya 7.62. Sitaki kusimama barabarani nikibishana na polisi juu ya milimita 3.

Kama unanunua kwa mbali mwambie muuzaji akupigie picha kisu kimefunguliwa, rula imelazwa pembeni, sifuri ikae sawa na ncha. Muuzaji mzuri hakatai. Na kama ni kisu kilichotumika usiamini vipimo vya kiwandani, kunolewa miaka na miaka kunakula bapa, nimeshika kimoja ambacho ncha yake ilikuwa imezama kabisa ndani ya mpini hata ukucha hauikuti.

Na hili wengi hawalijui kabisa: urefu peke yake hautoshi. Kwa sheria ya Uingereza, ya mwaka 1988, kile kisu cha inchi 3 kinachoruhusiwa ni kile ambacho bapa linashikiliwa na springi tu, ukilisukuma linajikunja. Kikiwa na loki, yaani kitu cha kufungia bapa lisijikunje, mahakama zinakihesabu kama kisu kisichokunjika, hata kiwe kifupi vipi, na kutembea nacho hadharani lazima uwe na sababu ya maana kama kazi. Opinel Namba 6 ina sentimita 7, inapita kwenye urefu, lakini ina ile ringi ya kuzungusha ya kufungia bapa, basi imekwama hapo. Namba 5 kushuka chini haina ringi. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza maswali mawili, makali ni milimita ngapi, na kina loki au hakina, tena uliza kwa maandishi ili jibu libaki.

Saivi natembea na kisu cha Sheffield chenye makali yaliyonyooka, kina milimita 70 kamili kwenye rula yangu, hakina loki. Embe dodo kinalipasua shavu moja bila kukwama kwenye kokwa, na chungwa naanza juu ganda linashuka utepe mmoja mpaka chini.