Jirani kapaki mbele ya mita: fanya hivi kabla hamjagombana

Usianze na gari. Najua gari ndo linalokuudhi kila ukitoka asubuhi, lakini ukimwambia jirani "toa gari lako" anachosikia yeye ni kwamba unamfukuza kwake, ila ukimwambia "nataka njia ya kufika kwenye mita" hata awe mbishi vipi anakosa la kujibu, maana na yeye mita yake ipo hapohapo.

Kwetu bomba lilipasuka saa nane usiku, na koki ya kufungia maji iko ndani ya kisanduku cha mita, na jirani alikuwa kapaki mpaka bampa inagusa mlango wa kisanduku. Mlango ulifunguka upana wa vidole vinne tu, nikapenyeza mkono hadi kwenye kiwiko, koki naigusa kwa ncha ya kidole lakini kuizungusha siwezi, nampigia simu haipatikani. Maji yakaingia vyumba viwili na godoro la mtoto likalowa lote. Kesho yake tukatukanana mbele ya watoto, afu tukakaa miezi miwili hatusalimiani na gari bado liko palepale.

Kwahiyo kwanza tafuta karatasi. Soma mkataba wako wa kupanga, au kama ni nyumba yako angalia hati na ramani ya kiwanja, uone eneo lile limeandikwa la nani au ni la wote. Na kumbuka eneo linaweza kuwa lake kabisa lakini wengine mna haki ya kupita, hiyo nayo huwa inaandikwa. Mita yenyewe mara nyingi ni mali ya kampuni ya maji au umeme, si yako wala si yake, na kampuni nyingi zinataka ifikike muda wote kwa ajili ya kusoma na matengenezo. Hoja hiyo ina nguvu kuliko kelele zote.

Afu pima. Chukua futi kamba, kweli kabisa, usikadirie kwa macho. Gari dogo lina upana wa kama mita 1.8 bila vioo vya pembeni, na kufungua mlango mtu ashuke vizuri anahitaji zaidi ya nusu mita. Mbele ya kisanduku acheni kama mita moja ili mtu asimame na mlango ufunguke wote. Mkishaona nafasi inatosha, muombeni mwenye nyumba ruhusa mpige mstari wa rangi, au muweke kizuizi cha zege cha matairi, hicho ni bora zaidi kwa sababu usiku mstari hauonekani.

Kuongea, nenda mwenyewe, wakati gari halipo pale na hakuna mwenye hasira. Usilipeleke kwenye grupu la wapangaji, mtu akishaaibishwa mbele ya wenzake hawezi tena kukubali hata kama anajua amekosea. "Jirani, samahani, naomba tuangalie pamoja hapa kwenye mita, siku ikitokea dharura tutafikaje?" inatosha. Mkikubaliana mtumie meseji fupi inayorudia mliyokubaliana ili ibaki na tarehe.

Ufunguo wa kisanduku usikae kwa mtu mmoja, kila nyumba iwe na nakala yake. Na mita zisomwe siku ileile kila mwezi, wawili mkiwepo, mpige picha.

Kama unahisi unalipia umeme wa mwenzako, usimtuhumu kabla hujapima. Zima swichi kuu ya kwako uangalie mita: taa ikiendelea kuwakawaka au kisahani kikizunguka, basi kuna waya umechukuliwa kabla ya swichi yako, au nyaya zimechanganywa na mita unayoilipia siyo yako, na hii ya pili hutokea bila mtu yeyote kuiba. (Taa iliyotulia bila kuwakawaka, kwenye mita nyingi maana yake hakuna matumizi.) Kwenye maji funga koki zote za ndani uangalie kigurudumu kidogo, kikizunguka kuna uvujaji au kuna mtu kaunganisha. Uniti moja ya maji ni lita 1000, kwahiyo hata uvujaji mdogo wa mwezi mzima unaonekana kwenye bili. Ukigundua kitu ita fundi au kampuni, usikate waya wa mtu, na lakiri ya mita (ile sili ya kampuni) usiiguse kabisa, ikikutwa imevunjwa unaweza kubebeshwa wewe.

Akikataa kila kitu, andika barua yenye tarehe na picha, nakala kwa mwenye nyumba, afu ripoti kampuni kwamba mita imezibwa. Baada ya hapo viongozi wa mtaa au msuluhishi, mahakama iwe ya mwisho. Kumziba na yeye gari lake usijaribu, utapoteza hoja zote ulizokuwa nazo.

Na leo hiihii, hata kama hamna ugomvi, andikeni kwa maka peni ndani ya mlango wa kisanduku namba mbili za simu kutoka kila nyumba, maana usiku ule simu ya jirani ilikuwa imezimwa na ya mkewe sikuwa nayo.