Kinyesi cha Kuku, Kikague Asubuhi

Jioni tandika gazeti chini ya kichanja, alfajiri likague. Kinyesi kizuri ni cha kahawia, kimeshikana, kina kofia nyeupe. Hiyo nyeupe ndiyo mkojo wa kuku. Kile cha rangi ya ugoro, kinachonata na kunuka vibaya, kisikutishe: hutoka kwenye utumbo kipofu (kifuko cha pembeni cha utumbo), takribani kimoja katika kila 8 hadi 10.

Damu ni habari nyingine, hasa kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Msimu wa mvua Mbeya, fumbata maranda ya bandani: yakishikamana kama tonge, koksidia, vimelea vya utumbo vinavyoleta kuhara damu, wamepata makazi. Yatoe yote, weka makavu, wape dawa ya amproliamu kwenye maji kwa kipimo cha pakiti, bila maji mengine ya kunywa.

Kinyesi cha kijani na shingo kupinda? Shuku mdondo (ugonjwa wa Newcastle). Hauna tiba, mtenge kuku huyo, mwite afisa mifugo.