"Lend" au "borrow"? Jibu unalo kwenye Kiswahili chako

Jamaa mmoja aliibiwa simu kwenye daladala, akamwandikia bosi wake kwa nini kachelewa: "I was stolen." Bosi akajiuliza nani kamwiba mtu mzima, na kwa nini karudishwa upesi hivyo.

Makosa ya aina hii hutokea pale neno letu moja linapofanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno mawili. Fanya hivi.

Hatua ya 1: hama neno lenye utata. "Kuazima" ndiyo inayotuponza. "Nimeazima kalamu", nimepokea. "Niazime kalamu", wewe ndiye utoe. Neno ni lilelile! Basi liache, nenda kwenye pesa, maana huko hatutaniani: kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Ukitaka chaja ya mwenzako, wewe ndiye unayekopa: "Can I borrow your charger?" Yeye ndiye anayekopesha: "Can you lend me your charger?" Hiyo -sha ishike vizuri, utaikuta tena: kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind".

Hatua ya 2: tazama kinachofuata, mtu au kitu. Kuiba kitu ni "steal", kumwibia mtu ni "rob". Kwa hiyo "They stole my phone", lakini "They robbed me". Yule jamaa angeandika "My phone was stolen", yakaisha.

Kushinda nako ni vivyo hivyo. Mechi au kombe ni "win", mpinzani ni "beat". Ukisema "Simba won Yanga", maana yake Simba wamepewa Yanga kama zawadi, na hapo Wanayanga hawatakuelewa kwa lugha yoyote. Sema "Simba beat Yanga". Jana au leo, ni "beat" tu, "beated" haipo.

Hatua ya 3: yanayofanana kwa sura, yatamke. "Advice" huishia na sauti ya s, ni ushauri. "Advise" huishia na z, ni kushauri. Na kama ushauri wetu usivyo na wingi, "advices" usiandike. "Lose" (z) ni kupoteza, "loose" (s) ni kulegea, kama suruali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kupanga nyumba na kupangisha, mbona zote naona "rent"?*
Marahaba. Hapo wao ndio wenye neno moja, sisi tuna mawili. Kwa mwenye nyumba, tumia "rent out" au "let" ili usieleweke vibaya.

*Mwalimu, nasikia harufu. "I hear a smell"?*
Hapana. Kusikia kwetu kuna sikio, pua, mpaka njaa na baridi. "Hear" ni ya sikio peke yake. Harufu sema "I can smell something", njaa sema "I feel hungry".

*Huku kwetu Nairobi watu husema "borrow me" na tunaelewana. Shida iko wapi?*
Mtaani hakuna shida, kalamu utapewa. Kwenye mtihani au barua ya kazi andika "lend me".

*Kidole cha mguu je? Mimi huandika "finger of the leg".*
Daktari atakuelewa, ila atacheka kwanza. Ni "toe". Na sehemu ya kukanyagia ni "foot". Kuanzia hapo kupanda hadi nyonga ni "leg", ingawa kwetu kote ni mguu.