Mkono unapoanza kuwa mzito baada ya upasuaji wa titi
Tezi za kwapani zikitolewa, maji ya limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi hizo) huweza kukosa njia yakatuama mkononi, pengine hata miaka kadhaa baadaye. Mara nyingi uvimbe hautangulii. Kinachotangulia ni uzito, ngozi kubana kama imevutwa, bangili au mkono wa blauzi kukaza upande mmoja tu. Usingoje maumivu, wengi hawayapati.

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kifundo cha mkono, kisha sentimita 10 chini na juu ya kiwiko, mikono yote miwili, bila kukaza futi. Tofauti mpya ya sentimita 2 itoshe kukupeleka kliniki. Bonyeza ngozi ya mkono kwa kidole gumba sekunde 10: shimo likibaki, maji yamejaa. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, hiyo ni dalili ya maambukizi; nenda hospitali siku hiyo hiyo.