Jinsi ya Kuchagua Risasi za Uwindaji kwa Bunduki ya Mwendo Kasi, Karibu na Mbali

Mwindaji mwenye bunduki ya mwendo kasi, yaani inayorusha risasi kwa kasi kubwa, kama vile ya .300 Winchester Magnum au 7mm Remington Magnum, mara nyingi hununua risasi akiwa na picha moja tu kichwani: mnyama aliyesimama ng'ambo ya bonde, mita 400 au zaidi, asiyejua kwamba anatazamwa. Kisha siku ya siku mnyama huyo humtokea kichakani, hatua 30 mbele yake, na risasi iliyochaguliwa kwa ajili ya bonde hulazimika kufanya kazi ya kichakani. Ndiyo maana ushauri wa kwanza hapa unakwenda kinyume na mazoea ya wengi: tafuta kwanza risasi itakayostahimili pigo la karibu, ndipo uulize itafika mbali kiasi gani.

Sababu yake ni ya kifizikia. Risasi ya uwindaji hufunguka kama uyoga kwa kuwa nyama na majimaji ya mwili huikandamiza kwenye ncha, na mkandamizo huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Risasi ya greni 180, yaani takriban gramu 11.7, hutoka kwenye mtutu wa .300 Winchester Magnum kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde. Ikimpata mnyama ikiwa bado na kasi hiyo, hukabiliwa na mkandamizo mkubwa mara mbili na robo kuliko ule ambao ingekabiliwa nao ikiwa imepungua hadi mita 600 kwa sekunde, kasi inayobaki nayo baada ya kwenda karibu nusu kilomita ikiwa ina umbo zuri. Risasi laini mno hupasuka vipande juu ya mfupa wa bega na kuacha jeraha pana lisilofika mapafuni. Ngumu mno nayo, ikiwa imeshapungua kasi, hupenya kama msumari bila kufunguka, na mnyama huenda mwendo mrefu kabla ya kuanguka, au asionekane tena kabisa.

Kabla ya kueleza aina zake, neno lenyewe linahitaji kuwekwa sawa. Kiswahili huita risasi kile kinachorushwa, na huita risasi pia ile metali nzito ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyotumika kukitengeneza, na sasa zipo risasi zisizo na chembe ya risasi ndani yake. Ili tusichanganyikiwe, metali hiyo nitaiita ledi.

Aina ya kawaida ina kiini cha ledi kilichovikwa gamba la shaba, bila kitu kingine kinachovishikamanisha. Hufunguka kwa urahisi, ina bei nafuu, mara nyingi hulenga vizuri, na kwa bunduki ya mwendo wa wastani sina neno nayo. Kwa bunduki ya mwendo kasi, hata hivyo, gamba na kiini huweza kuachana pale pale kwenye mfupa wa kwanza. Tatizo hilo ndilo lililomkuta mwindaji wa Kimarekani John Nosler alipokuwa akiwinda Kanada mwaka 1946 kwa bunduki ya .300 H&H Magnum: risasi zake zilivunjika karibu na uso wa mwili wa mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu bila kupenya vya kutosha. Akabuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati, ambayo sehemu yake ya mbele hufunguka na hata kuvunjika, huku ya nyuma ikilindwa na ukuta ule na kuendelea kupenya. Risasi hiyo, Partition, ilianza kuuzwa mwaka 1948 na ingali inatengenezwa.

Njia ya pili ya kutatua tatizo lile lile ni kukiunganisha kiini na gamba lake kwa joto au kwa kemikali, ili vibaki pamoja hata risasi inapopondeka. Ya tatu ni kuachana na ledi kabisa na kutengeneza risasi nzima kwa shaba, ikiwa na tundu kwenye ncha linaloifanya ifunguke kwa petali kama ua. Risasi ya shaba tupu hubakiza karibu uzito wake wote na hupenya sana, na kwa mnyama aliye karibu sijui aina nyingine ninayoiamini zaidi. Udhaifu wake uko mbali, kwa maana huhitaji kasi kubwa zaidi ili ifunguke.

Hapo ndipo masafa yanapoingia. Kila risasi ina kasi ya chini ambayo ikishuka chini yake haifunguki tena inavyotakiwa, na watengenezaji wengi huitaja kwenye maelezo ya bidhaa zao. Risasi nyingi za kawaida zenye ledi huhitaji takriban mita 550 kwa sekunde. Za shaba tupu hutofautiana, ila mita 600 kwa sekunde ni kadirio la tahadhari pale mtengenezaji asipotaja lolote. Zipo pia zilizobuniwa kwa masafa marefu, zenye gamba jembamba upande wa ncha, zinazodaiwa na watengenezaji wake kufunguka hata karibu na mita 400 kwa sekunde. Hizo ndizo za kutiliwa shaka zaidi pale mnyama atakapotokea karibu, kwa kuwa ulaini unaozisaidia mbali ndio unaozivunja kwenye mfupa.

Chukua basi jedwali la kasi la risasi unayoifikiria, ongeza mita 50 kwa sekunde juu ya kasi yake ya chini kama akiba, kisha tafuta umbali ambao kasi hiyo inafikiwa. Kwa risasi ya shaba ya greni 180 inayoanza na mita 900 kwa sekunde na kuhitaji 600, utatafuta 650, na utaikuta kwenye umbali wa karibu mita 400. Huo ndio mpaka wa risasi. Mpaka wako wewe ni jambo jingine, na kwa walio wengi huja mapema zaidi.

Umbo ndilo linaloamua jinsi kasi inavyopotea. Risasi yenye ncha butu, ikianza na mita 900 kwa sekunde, hushuka hadi takriban 565 ikifika mita 300, ilhali yenye ncha kali ya plastiki na kitako kilichopunguzwa, kwa uzito ule ule, hubaki na zaidi ya 700. Tofauti hiyo hupimwa kwa namba iitwayo kigawo cha balistiki: kinapokuwa kikubwa, hewa huizuia risasi kwa kiasi kidogo tu na upepo wa pembeni huisukuma kwa kiasi kidogo tu. Nashauri usiikimbilie namba hiyo kama hupigi zaidi ya mita 250, kwani ndani ya masafa hayo faida yake ni ndogo mno kuliko faida ya muundo imara. Kumbuka pia kwamba hata risasi bora huchukua zaidi ya theluthi moja ya sekunde kufika mita 300, na mnyama anayetembea polepole hutosha kusogea kutoka mapafu hadi tumbo kwa muda huo.

Kuhusu uzito, chagua upande wa juu wa kiwango cha kati kwa kaliba yako, yaani kipenyo cha mtutu wako. Risasi nzito huanza na kasi ndogo kidogo, jambo ambalo kwa pigo la karibu ni msaada, na hupenya zaidi mnyama anaposimama kwa mshazari. Ikiwa ni ya shaba tupu unaweza kushuka daraja moja, kwa sababu haipotezi uzito inapopenya. Shaba pia ni nyepesi kuliko ledi, gramu 8.96 kwa sentimeta ya ujazo dhidi ya 11.34, hivyo risasi ya shaba yenye uzito ule ule huwa ndefu zaidi, na risasi ndefu huhitaji msokoto wa kasi zaidi wa mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, ili itulie hewani. Soma mahitaji ya msokoto kwenye boksi kabla ya kununua.

Ukishabaki na aina mbili au tatu, nunua boksi moja la kila aina na uende nazo kwenye uwanja wa shabaha, kwa kuwa mitutu miwili ya kiwanda kimoja huweza kupenda risasi tofauti. Piga tatu tatu, acha mtutu upoe, kisha rudia siku nyingine. Itakayokusanya matundu pamoja, linganisha darubini nayo kwenye mita 200, yaani irekebishe mpaka risasi ipige pale pale unapolenga. Kwa risasi ya mfano wetu utapiga juu kwa karibu sentimeta 5 kwenye mita 100 na chini kwa karibu sentimeta 20 kwenye mita 300, lakini usiliamini jedwali mpaka umeyapiga masafa hayo mwenyewe. Hakikisha pia kwamba sheria za eneo unalowinda zinaruhusu kaliba na aina hiyo, kwa kuwa mahali pengine ledi imepigwa marufuku. Na kwa kuwa risasi imara mara nyingi hutokea upande wa pili wa mnyama, usipige kamwe usipoona udongo au kilima kitakachoipokea.

Mnyama wa kwanza akishaanguka, usiishie kwenye furaha. Pima umbali, fungua njia ya jeraha kwa kisu, angalia kama mfupa ulivunjwa na kama mapafu yote mawili yalifikiwa, na ukiikuta risasi ndani ya ngozi ya upande wa pili, ioshe na uipime kwa mizani uone imebakiza uzito kiasi gani. Ikiwa ilikuwa na ledi, kata na utupe nyama yote iliyochubuka kuzunguka jeraha, maana chembe za ledi husambaa mbali kuliko macho yanavyoona.